Matandazo kwenye bustani ya mboga Lubumbashi: funika udongo mvua zikiwa zinaaga

Kila mwaka Mei ikiingia, maswali yanarudi mlangoni. Mama mmoja anasimama nje ya uzio, anaangalia matuta yangu, anauliza: "Mama, ile mayani yote unaweka juu ya udongo ni ya nini? Haitaleta nyoka?" Kesho yake anakuja kijana aliyejaribu mwaka jana. Mchwa walimaliza nyasi zake zote, lenga-lenga (mchicha) ikageuka njano, akaapa hatarudia. Wa tatu amepewa vumbi la mbao bure na seremala, anataka kujua kama anaweza kulimwaga lote bustanini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku mikono ina matope, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Ukishasoma, njoo uniulize lile ambalo sikuliandika.

Nianze na jambo linalowashinda wengi: matandazo hayaleti maji. Yanatunza maji ambayo tayari yamo. Ukifunika udongo mkavu, umefungia ukavu ndani. Ndiyo maana hapa kwetu kazi hii si ya Agosti, wakati jua limeshapika kila kitu na wewe umeanza kukimbizana na bidoni za maji. Ni kazi ya mwisho wa Machi na Aprili. Mvua zinaaga, ukichimba kidogo unakuta unyevu bado upo, na unyevu huo hukuulipia hata franka moja. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Oktoba hakuna mvua ya kutegemea. Hiyo ni miezi sita.

Matandazo ni nini hasa

Ni chochote kilichokufa cha mimea unachokilaza juu ya udongo: nyasi kavu, mabua ya mahindi, majani ya miti, maganda ya karanga. Maagronomu waliosoma kwa Kifaransa wanasema payaji. Usiyachanganye na mboji. Mboji imeshaoza na inaingia ndani ya udongo, matandazo yanalala juu na kuoza polepole kuanzia chini.

Udongo wetu mwekundu una tabia mbili mbaya. Ni mchachu na una mboji kidogo, kwa hiyo chakula unachoupa haukishiki muda mrefu. Na ukiachwa uchi, matone ya mvua ya Januari yanaupigapiga mpaka uso wake unaziba. Kiangazi kikija, uso huohuo unakuwa ganda gumu kama tofali, ukimwaga maji yanakimbilia njiani. Ukiufunika, jua haliugusi, matone hayaupigi, na minyoo inapanda juu kula. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuandaa

Nitahesabu kwa tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10, yaani mita 12 za mraba. Kama lako ni dogo, gawanya.

- Nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, kiasi cha mita moja ya ujazo yakiwa hayajashindiliwa. Kwa mifuko ile mikubwa ya mahindi ya kilo 100, ni mifuko 7 au 8 iliyojaa bila kukanyagwa. Watu hawaamini mpaka waone. Wote huja na mifuko 2.
- Mbolea ya kuku iliyokaa miezi 2 au 3, ndoo 2 za lita 10. Kama una ya mbuzi au ng'ombe, ndoo 5.
- Jivu la mbabula (jiko la makaa) lililochujwa, bila vipande vya makala wala plastiki, konzi 12.
- Udongo wa kichuguu cha zamani, ndoo 4, ukiupata.
- Panga au kupekupe ya kukatia nyasi, jembe, na uma au reki ya kutandazia.
- Bidoni za lita 20 na kopo lenye matundu.
- Fimbo ndefu. Nitaeleza kazi yake.

Kuhusu kile kichuguu: vile vilima vikubwa vya mchwa unavyoviona kila upande ukitoka mjini, ambavyo watu wanavichimba kufyatulia matofali, udongo wake mara nyingi una chokaa na mfinyanzi kuliko udongo wa kawaida pembeni yake. Wakulima wa zamani walilijua hilo bila kwenda chuo. Chukua cha kichuguu kilichokufa, kisicho na mchwa ndani, uuponde vizuri.

Majani gani, na gani uyaache

Hapa ndipo bustani inaposhinda au kushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Nyasi ndefu za porini* ndizo bora kwa wengi wetu kwa sababu zipo. Zina bua la katikati, haziozi haraka mno wala hazishikamani kama blanketi. Tatizo ni mbegu. Ukizikata Juni zimeshakomaa, kila kichwa kimebeba mbegu, na Novemba utakuwa umejipandia pori mwenyewe. Zikate Machi au mwanzo wa Aprili, kabla vichwa havijakauka. Kuna sababu nyingine ya kuwahi: moto. Kiangazi kikishika, watu wanachoma, na pori ulilolitegemea linakuwa majivu kwa alasiri moja.

Nyasi yenye mizizi mirefu meupe yenye ncha kali, ile inayotoboa hata kiazi, kata majani yake tu. Usiing'oe na kuileta na mizizi. Kipande cha kidole kimoja kinatosha kukuharibia tuta lote.

*Mabua ya mahindi* ni mazuri ukiyakata vipande vya kiganja. Ukiyalaza mazima, panya watapanga humo nyumba na mchwa watapanga chini yake.

*Tithonia*, lile ua la njano kama alizeti ndogo linaloota pembeni ya barabara na kwenye parseli zilizoachwa, ni zawadi. Majani yake mabichi yanaoza upesi na yanalisha udongo. Weka tabaka jembamba la tithonia chini, nyasi kavu juu. Usiweke shina lake bichi ardhini, litaota.

*Maganda ya karanga na ya maharage*: chukua yote unayopewa.

*Majani ya mwembe na mparachichi*: sawa, lakini yapondeponde au yachanganye na nyasi. Yakilala bapa yanakuwa kama vigae na maji hayapiti.

*Vumbi la mbao*: hapa watu wanaumia. Wadudu wadogo wa udongo wanaolioza wanahitaji naitrojeni nyingi, na wasipoipata ndani ya mbao wanaivuta kutoka kwenye udongo, mboga yako inabaki na njaa. Litumie kwenye njia kati ya matuta, au chini ya miti ya matunda. Kwenye mboga, si zaidi ya sentimita 2, lisichimbiwe kamwe ndani ya udongo, na liwe limekaa nje msimu mmoja mzima wa mvua. Muulize seremala pia kama mbao ilipakwa dawa. Akikwambia ndiyo, mwachie mwenyewe.

*Majani ya mikalitusi*: hapana, si kwenye mboga. Magugu ambayo yameshatoa mbegu: hapana. Mimea ya nyanya iliyokufa kwa ugonjwa: hapana kabisa, hata kama inaonekana imekauka vizuri.

Halafu kuna jambo ambalo mji wetu hauwezi kulikwepa. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na vumbi la miaka hiyo yote halikwenda mbinguni, lilianguka ardhini. Upepo wetu wa kiangazi unatoka hasa kusini-mashariki, kwa hiyo mitaa iliyo kaskazini-magharibi ya lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba ndiyo iliyobeba zaidi. Shaba, risasi, kadimiamu na kobalti haziozi. Usikate nyasi upande huo, wala karibu na mlima wa takataka za kiwanda, wala ukingoni mwa barabara ya vumbi ya malori ya madini, wala kwenye kijito ambacho maji yake hujui yametoka wapi. Ukiona mahali ardhi iko tupu, nyasi zenyewe zimekataa kuota, ushauri umeshapewa.

Matandazo yanasaidia kitu kimoja hapa: udongo haurukii majani mvua ikinyesha au ukimwagilia, na majani ya lenga-lenga yanafika jikoni na vumbi kidogo. Lakini hayaondoi madini yaliyomo ardhini. Kama bustani yako iko mahali pa namna hiyo, usipande mboga za majani, kwa sababu hizo ndizo zinazofyonza zaidi. Kodi kipande sehemu nyingine.

Hatua

1. Anza na tuta moja. Si bustani yote. Tena ulifunike nusu tu, nusu nyingine iache kama ulivyozoea. Mimi sitaki uniamini. Nataka uchimbe kidole pande zote mbili Julai, ujionee mwenyewe.

2. Kata nyasi mwishoni mwa Machi, zianike siku 3 hadi 5. Zigeuze mara moja kwa siku. Nyasi mbichi ikirundikwa nene inapata moto, inanuka, na ule moto unachoma shina la mche. Ikiwa vichwa vina mbegu, zipigepige kwenye turubai kabla hujazibeba, na mbegu hizo zitupe motoni. Pusupusu (mkokoteni) moja inabeba vya kutosha kwa tuta ukifunga vizuri kwa kamba.

3. Tia jivu mapema. Konzi moja kwa kila mita ya mraba, wiki 2 kabla ya mbolea. Usichanganye jivu na kinyesi cha kuku siku moja: ile harufu kali inayopanda puani ni chakula cha mimea kinachokwenda angani. Udongo wa kichuguu unaweza kuingia siku hiyohiyo ya jivu. Na usizidishe jivu kila msimu kwa kuwa tu mbabula inalitoa kila siku.

4. Lisha udongo, kisha ng'oa magugu. Tandaza mbolea, ichanganye na udongo wa juu kwa kina cha kiganja, usilime kwenda chini zaidi. Magugu ya majani mapana unaweza kuyang'oa na kuyaacha yakauke juu ya tuta. Yenye mizizi ya kutambaa yatoe nje. Matandazo yanazuia mbegu za magugu zisione mwanga, ila gugu lenye mzizi mzima chini litapenya na kukucheka.

5. Hakikisha udongo umelowa mpaka chini. Hii ndiyo hatua inayorukwa. Chimba shimo dogo la sentimita 20. Finyanga udongo wa chini mkononi: ukishikamana, endelea. Ukimwagika kama unga, subiri mvua moja zaidi, au mwagilia siku 2 mfululizo, jioni, bidoni 6 au 7 kila siku kwa tuta hili. Ukianza Agosti utahitaji zaidi ya hapo na utachoka. Nimeshasema kuhusu Aprili.

6. Panda kwanza. Kwa miche (nyanya, kabichi, shu ya kichina (kabichi ya Kichina), bilinganya, pilipili): hamisha jioni, mwagilia, isubiri wiki moja isimame. Kwa mbegu ndogo zinazomwagwa moja kwa moja, kama lenga-lenga na karoti, usifunike kwa unene. Weka nyasi chache sana, kiasi cha kuona udongo kati yake, na siku ya 3 au ya 4 anza kuchungulia kila asubuhi. Mche wa kwanza ukionekana, ondoa nyasi hizo jioni ileile. Ukichelewa siku moja utakuta mimea myeupe, mirefu, dhaifu kama nyuzi. Lenga-lenga ikifika urefu wa kiganja, ndipo unaingiza nyasi kati ya mistari.

   Hapo ndipo wengi wanagundua kwamba kumwaga mbegu ovyo kunawafunga mikono. Panda kwa mistari, sentimita 20 kati ya mstari na mstari, na matandazo yanakuwa kazi ya dakika 15.

7. Tandaza. Tithonia kwanza kama unayo, tabaka moja tu. Juu yake nyasi kavu, unene wa sentimita 8, ambao baada ya wiki 2 utalala na kuwa kama 4. Chini ya hapo jua linapenya, juu ya 10 unaanza kutengeneza makazi ya panya.

   Acha duara la vidole vinne kuzunguka kila shina. Shina la nyanya likilala ndani ya majani yenye unyevu linaoza shingoni, mmea unanyauka siku moja ukiwa na majani mabichi, na watu wanasema ni uchawi wa jirani.

8. Lowesha matandazo yenyewe kwa bidoni moja, siku ya kwanza tu, ili upepo usiyabebe. Kama bustani iko wazi kwa upepo, weka matawi machache juu.

9. Badilisha namna ya kumwagilia. Maji yanayonyunyizwa juu kidogokidogo yanaishia kwenye nyasi na kukauka hapohapo. Sogeza nyasi kwa mkono, mimina taratibu karibu na mmea, rudisha. Tuta la mita 12 lisilofunikwa, mimea ikiwa imeshakua, linameza karibu bidoni 3 kwa siku jua likiwa kali. Lililofunikwa usilipangie ratiba: ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, nenda nyumbani. Katika kiangazi mimi naruka siku, wakati mwingine 2. Ukiendelea na bidoni 3 kila siku kwa mazoea, mizizi itakosa hewa.

10. Ongeza kila wiki 4 hadi 6. Usiondoe yaliyooza, laza mapya juu ya ya zamani. Kwa hiyo weka akiba ya mifuko 3 au 4 ya nyasi mahali pakavu, mbali na moto. Akiba hii ndiyo inayotofautisha anayefika Oktoba na anayeishia Julai.

Juni na Julai, usiku wa baridi

Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai unaujua mwenyewe. Mabondeni kando ya mito baridi inakusanyika zaidi, na ndiko wengi tunakolima kwa sababu ndiko kuna maji. Matandazo yanauzuia udongo kupata joto la mchana. Kabichi, karoti na shu ya kichina hazijali, nyingine zinafurahi. Nyanya na pilipili changa zinasimama, hazikui, zinageuka rangi ya zambarau chini ya majani. Kwa hizo, miezi hiyo 2 vuta nyasi pembeni mchana, udongo uote jua, au weka tabaka jembamba la sentimita 3 tu mpaka Agosti, kisha ujaze. Nilipoteza miche 40 ya nyanya kabla sijaelewa hilo, na nilimlaumu aliyeniuzia mbegu.

Ukiona mambo hayaendi

*Majani yamekuwa ya njano kuanzia ya chini.* Njaa ya naitrojeni. Umeweka vumbi la mbao, au umechimbia mabua ndani ya udongo. Toa unachoweza kutoa. Loweka kilo moja ya mbolea ya kuku ndani ya lita 10 za maji siku 4, ikoroge kila siku, kisha ongeza maji mara tano ya kiasi hicho. Mimina kwenye udongo, si kwenye majani, na si ndani ya wiki 3 kabla ya kuvuna mboga ya majani. Hayo tunayakula sisi na watoto.

*Mchwa.* Kwanza jua wanakula nini. Wengi wao wanataka kilichokufa na kikavu, si lenga-lenga yako. Wakila nyasi, wanaziingiza ardhini, kazi ambayo wewe ungeifanya kwa jembe. Hasara ni kwamba tuta linabaki uchi. Wanapenda pakavu na pasipoguswa: ondoa vijiti vinene na mabua mazima, weka tithonia chini, lowesha mara kwa mara, geuza nyasi kila wiki, na utumie akiba yako kujaza. Vijia vyao vya udongo ukivibomoa kila asubuhi wanahama. Wakianza kukata mashina yenyewe, mara nyingi mmea umeshadhoofika kwa kiu, na mahindi ndiyo ya kwanza. Hapo sogeza matandazo mbali na shina kabisa. Usimwage mazuti wala oili chafu ya gari. Nimeona tuta lililofanyiwa hivyo, miaka 2 baadaye hata magugu hayakutaka.

*Miche inakatwa usiku, inalala chini asubuhi.* Ni funza wa udongo, yule mnene wa kijivu anayejikunja. Fukua sentimita 2 au 3 kuzunguka mche uliokatwa, utamkuta amelala palepale. Kuku wako wanamjua.

*Konokono.* Wakati wa kiangazi ni wachache. Mvua zikirudi, vuta matandazo mbali na miche michanga, weka kipande cha ubao kilicholowa jioni, asubuhi kigeuze uwaokote.

*Ukungu mweupe kama pamba ndani ya nyasi.* Si ugonjwa. Ndiyo kuoza kwenyewe. Kama unagusa shina, sogeza.

*Harufu mbaya, kama maji ya mferejini.* Nyasi ziliwekwa mbichi au nene mno. Zifungue, zianike siku 2, rudisha nusu.

*Maji hayashuki.* Majani mapana yamejipanga kama vigae. Yavunje kwa uma, uchanganye na nyasi.

*Nyoka.* Swali la yule mama. Nyasi zenyewe hazimwiti nyoka, anayemwita ni panya, na panya anaitwa na mabua mazima, rundo lisiloguswa na mabaki ya chakula. Kwa hiyo hakuna maganda ya muhogo wala ugali uliobaki bustanini. Rundo la akiba likae mbali na nyumba, juu ya magogo. Njia kati ya matuta ibaki wazi ili uone unapokanyaga. Na kabla hujaingiza mkono, pitisha ile fimbo niliyokwambia uandae, upige mara mbili tatu. Hiyo si imani, ni adabu ya kubisha hodi.

*Kuku wa jirani.* Huyu ndiye adui mkubwa kuliko wote niliowataja. Dakika 10 anatawanya kazi ya asubuhi nzima, kwa sababu chini ya matandazo kuna minyoo na yeye anajua. Matawi ya miiba juu ya tuta yanasaidia wiki ya kwanza. Uzio wa matete wa kufika kiunoni unasaidia zaidi. Kuongea na jirani kunategemea jirani.

Mvua zikirudi

Mwishoni mwa Oktoba utakuta sehemu kubwa ya nyasi za chini imekuwa nyeusi na laini. Usiichome, na usiifagie. Mvua za kwanza zinapiga kwa nguvu na zinakuta ardhi za watu ziko uchi, kwa hiyo tuta lako libaki limefunikwa hadi mvua ya 3 au ya 4. Kisha fungua mistari tu pale unapopanda, kwa upana wa jembe, nyasi zisogee pembeni. Kwenye bonde linalotuama maji, punguza ziwe sentimita 3, maana tatizo lako sasa si kiu, na inua tuta kwa kiganja kimoja zaidi kabla ya Desemba. Ile nusu uliyoiacha wazi, ipige jembe siku hiyohiyo uliyofungua iliyofunikwa, moja baada ya nyingine, usikilize sauti ya jembe.